Valvu au transista: kupiga benga katika chumba cha Kabiro

Kenyatta Market, karibu na Kibera, watu wengi huenda kusukwa nywele au kula nyama choma. Wapenzi wa santuri huelekea kibanda nambari 570, kwa James Rugami, ambaye kwa miaka mingi ameuza sahani kuukuu na mashine za kuzipigia. Sasa chukua mtu anayetoka hapo na sahani ya benga ya Shirati Jazz, bendi ya D. O. Misiani, akirudi chumba chake cha mabati Kabiro, Kawangware. Aunganishe mashine yake na amplifaya ya valvu au ya transista?

Mimi nasema transista, hasa kwenye hatua ya kwanza, ile inayopokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye sindano. Hapo ndipo vita vyote vinapiganiwa. Kichwa cha sindano cha sumaku hutoa takriban milivolti 5 tu, nazo lazima zikuzwe kama mara 100 kabla ya kufika kwenye amplifaya kubwa. Isitoshe, sahani zinazofuata kanuni ya RIAA, iliyoenea tangu miaka ya 1950, hukatwa besi ikiwa imepunguzwa ili mifereji isipanuke mno. Wakati wa kupiga, besi hiyo hurudishwa. Kwenye hezi 50 hukuzwa karibu mara 7 zaidi ya sauti za kati. Na hezi 50 ndiyo masafa ya stima yetu. Mvumo wowote wa ukutani ukipenya hapo, unakuzwa pamoja na besi ya benga.

Katika ploti nyingi za Kawangware vyumba kadhaa hugawana waya mmoja, na soketi isiyo na ethi si jambo geni. Katika hali hiyo valvu kama ECC83 ina kazi ngumu. Waya wake wa kupasha joto unataka volti 6.3, pungufu au zaidi kwa asilimia 10. Jioni koili za kupikia zinapowashwa, stima ikishuka kutoka volti 240 hadi 200, zile 6.3 zinakuwa 5.25, chini ya kiwango. Kisha valvu husikia mitikisiko. Igonge kwa penseli na spika italia kama kengele. Mahali ambapo spika, kitanda na mashine ya santuri viko hatua mbili kutoka kimoja hadi kingine, besi yenyewe inatosha kuigonga.

Sakiti ndogo ya transista yenye chipu ya NE5532 inaweza kuendeshwa na betri mbili za volti 12, moja upande wa chanya, nyingine upande wa hasi. Zichajiwe kwa sola mchana, kisha zitenganishwe na chaja kabla ya kupiga muziki. Mvumo wa kutoka kwenye soketi unakosa njia ya kuingilia hatua hiyo kupitia umeme unaoiendesha. Ninapenda sana utulivu huo: gitaa la D. O. Misiani linaanza, na nyuma yake hakuna kinachonguruma.

Wanaotetea valvu husema inaleta utamu, na ni kweli kwamba ikizidiwa hulainisha sauti badala ya kuikata ghafla. Lakini rekodi za Nairobi za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilipitia valvu studioni. Utamu huo umo tayari ndani ya mifereji ya sahani hizo. Kwa benga, zaidi ya hayo, amplifaya nyingi za valvu haziishiki koni ya spika barabara, na gitaa la besi linalegea pale linapopaswa kusukuma wimbo.

Pesa inayosalia kwa kutonunua valvu inunue sindano mpya kabla ya kitu kingine chochote. Iliyochakaa hukwangua mfereji, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Ukitaka valvu hata hivyo, ziweke hatua ya mwisho, kwa mfano jozi za EL84. Kapasita za amplifaya hiyo zinaweza kubaki na volti karibu 300 hata baada ya kuzima. Kwenye chumba chenye watoto, kifuniko kifungwe kwa skrubu.