MacBook ya M1 Iliyogoma Kuwaka: Faili Peke Yake Halitoshi

Kwenye kioo kuna alama ya mshangao ndani ya duara na anwani ya tovuti ya Apple, basi. MacBook yenye chipu ya M1 ikifikia hapo, fundi aliyezoea Windows hutafuta flashi yenye mfumo endeshi. Safari hii flashi haimsaidii.

Sababu ni jinsi mashine ilivyopangwa. MacBook za Intel ziliweza kujiokoa kwa intaneti hata diski ikiwa tupu, kwa kuwa programu ya kuziwasha ilikaa mbali na diski. M1 ilipoingia sokoni Novemba 2020, sehemu kubwa ya hatua za uwashaji, pamoja na mfumo wa uokoaji, ilihamia kwenye hifadhi ileile ya ndani inayobeba macOS. Hifadhi hiyo ikivurugika, hata diski ya nje haiwashi kitu. Kinachobaki hai ni msimbo mdogo uliowekwa ndani ya chipu kiwandani, ambao hakuna awezaye kuufuta. Kazi yote inaanzia hapo.

Kuufikia kunahitaji Mac nyingine nzima na kebo ya USB-C inayopitisha data. Kebo ya Thunderbolt 3 inaingia vizuri kwenye tundu, lakini haifai. Kwenye MacBook Air ya M1 tundu lenyewe ni la kushoto, lililo karibu na bawaba. La pili yake halikubali. Kisha unabana kwa pamoja Control ya kushoto, Option ya kushoto, Shift ya kulia na kitufe cha kuwasha, kama sekunde 10. Unaachia vile vitatu, cha kuwasha unaendelea kukibana. Kioo kinabaki cheusi tii. Wengi huanza upya wakidhani wamekosea, kumbe weusi huo ndio unaotakiwa. Jibu linatokea kwenye Mac ya pili, ndani ya programu ya Apple Configurator: herufi tatu, DFU, ishara kwamba mashine iko tayari kupokea programu zake upya. Tangu macOS Sonoma, hata Finder inaifanya kazi hii.

Ndipo zamu ya faili la IPSW inapofika, lile ambalo mafundi wa iPhone wanalijua. Ni furushi la zaidi ya gigabaiti 10 lenye macOS, mfumo wa uokoaji na programu za msingi za chipu. Mac ya pili inaweza kulipakua yenyewe, ila kwa bando zetu ni heri ulipakue mapema.

Hata hivyo, faili kamili bado si ruhusa. Kabla ya kuandika chochote, Mac ya pili huipelekea seva ya Apple namba ya pekee ya chipu, na seva hurudisha saini inayofaa mashine hiyo tu. Intaneti ikikatika hapo, umekwama na gigabaiti zako. Hatua hiyo ndiyo iliyowakwamisha pia baadhi ya wanunuzi wa kwanza wa M1: walifuta mashine kabla ya kupandisha toleo hadi 11.0.1, na usakinishaji mpya ukagoma kwenye kuhusisha mfumo na mashine.

Kuna chaguo mbili, na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenye haraka. "Revive" inarudisha programu za msingi na mfumo wa uokoaji bila kugusa mafaili ya mwenye mashine. "Restore" inafuta kila kitu, na kwa kuwa hifadhi imefungwa kwa funguo zinazopotea pamoja nayo, hakuna programu ya kufufua picha itakayofua dafu. Anza na ya kwanza daima. Ya pili ni ya pale ya kwanza iliposhindikana, tena mwenye mali akiwa amekubali.

Wauzaji wa mitumba nao wajue: "Restore" haiondoi Activation Lock. Mashine itawaka safi kama mpya, itaomba lugha na Wi-Fi, kisha itadai akaunti ya mmiliki wa awali.