Mgonjwa Haulizwi Uji: Uchambuzi wa Lugha ya Kutetea Haki za Wagonjwa na Walemavu

Wanafunzi wa lugha wamezoea kuzipima methali kwa uzuri wa usemi wake na kwa hekima iliyomo. Ni mara chache kuzipima kwa kazi zifanyazo zikiisha kutolewa nyumbani na kupelekwa hospitalini, barazani au mahakamani. Makusudi ya makala haya ni kuzitazama methali mbili na wito mmoja, ambavyo husikika sana panapotajwa haki za wagonjwa na walemavu, na kuuliza kama vyasema yale wayatakayo watetezi wa haki hizo. Ili hukumu yetu isiwe ya nadharia tupu, tutajaribu kuvisikia kama avisikiavyo mtu wa Mabamba, katika Wilaya ya Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi, ambako lugha ya nyumbani ni Kiha, na Kiswahili ni lugha ya shule, ya matibabu na ya serikali.

Methali ya kwanza ni “Hujafa hujaumbika”. Hapana shaka kwamba hii ni kauli yenye nguvu. Kwa maneno mawili tu yamweka mzima na kilema katika umbo moja la ubinadamu ambalo halijakamilika, na kumfunga mdomo mwenye kucheka. Walakini yafaa tuangalie inasemwa na nani, na anaambiwa nani. Anayeambiwa ni mzima. Kilema mwenyewe hatajwi wala hasemeshwi, bali yupo kama onyo la yale yanayoweza kumpata mwingine. Tena sababu inayotolewa ya kumtendea mema ni hofu ya mzima kwa nafsi yake. Hofu hiyo yaweza kuzaa huruma, na huruma ni jambo la kushukuriwa. Lakini mtu aliyehurumiwa leo hana la kudai kesho huruma hiyo ikikoma. Haki haitegemei moyo wa mtoaji, na hilo methali hii hailisemi.

Methali ya pili, “Mgonjwa haulizwi uji”, ni ngumu zaidi, kwa kuwa wema wake ni dhahiri. Imezaliwa jikoni. Yasema kwamba mwenye kuugua asingojewe mpaka aombe. Jamaa yake ajue haja yake, apike, amletee. Katika nyumba ambamo mpishi amjua mgonjwa tangu utotoni, methali hii ni sheria njema ya mapenzi. Lakini ikihamishwa ikapelekwa penye sindano na kisu, mbele ya mganga asiyemjua mgonjwa hata jina, maana yake hugeuka. Pale kutoulizwa si mapenzi tena. Ni kukatiwa shauri juu ya mwili wako mwenyewe. Mzee wa Mabamba aliyelelewa kwa methali hii anaweza kunyamaza mbele ya daktari akidhani ndiyo adabu, na daktari naye akauhesabu ukimya huo kuwa ni kukubali. Hapa ndipo uchambuzi wa methali unapoacha kuwa anasa ya wasomi.

Sheria za Tanzania zimepita njia iyo hiyo kutoka jikoni hadi barazani. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili juu ya walemavu, ya Na. 2 iliyohusu ajira, na ya Na. 3 iliyohusu malezi na matunzo. Neno matunzo ni la nyumba ya uji: hutaja kazi ya mtunzaji, wala halisemi lolote juu ya shauri la mtunzwaji. Baada ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, nayo ikayaweka mambo hayo katika lugha ya haki. Kwa upande wa wagonjwa, Sheria ya Ukimwi ya 2008 ilikataza mtu kupimwa bila ya ridhaa yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Lakini sheria hizo zilitungwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hakikufanywa lugha kuu ya sheria hadi 2021. Mtu alipewa haki ya kuulizwa katika lugha ambayo hakuulizwa kama anaijua.

Mfano ulio karibu na Mabamba ni ule wa Kabanga, katika Kasulu. Baada ya mashambulio juu ya watu wenye ualbino kuenea nchini tangu karibu na 2007, watoto wengi walikusanywa pale shuleni ili wasiuawe. Hakuna mwenye akili atakayelaumu kuokoa maisha. Hata hivyo tukilisikiliza neno lililotumika, kuhifadhi, tutaona kuwa ndilo litumikalo kwa nafaka na kwa nyaraka. Kilichohitaji kurekebishwa kilikuwa ni kijiji alikotoka mtoto, naye mtoto ndiye aliyehamishwa.

Kuhusu majina, ubishi umekuwa mrefu. Wengine hudai kwamba kipofu, kiziwi, kiwete na kilema ni matusi kwa sababu ya kiambishi ki-, ambacho ni cha vitu. Hoja hii haitoshi. Kiongozi, kijana na kinyozi wamo katika ngeli iyo hiyo wala hawalalamiki. Tena Kiswahili husema “kipofu amefika”, hakisemi “kipofu kimefika”, maana upatanisho wa sentensi humrudishia mtu utu wake. Neno kilema ndilo lenye kasoro ya kweli, kwa kuwa ni jina la dosari ya mwili lililogeuzwa likawa jina la mtu mzima. Kirundi, lugha ndugu ya Kiha, nacho kimepita hapo, kikitoka ikimuga kuelekea abafise ubumuga, yaani wenye ulemavu.

Lakini tazama wenyewe walivyochagua. Wasioona wana Chama cha Wasioona Tanzania, nao hawakulichukua neno vipofu. Viziwi wana Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wala hawakuona haya kwa jina lao. Msarifu hawezi kuieleza tofauti hii kwa kanuni ya ngeli, kwa kuwa maneno yote mawili ni ya ngeli moja. Yaelezwa kwa jambo moja tu, kwamba wenye jina waliulizana wakakubaliana. Basi kipimo cha jina jema si kiambishi chake, bali ni ridhaa ya anayeitwa.

Wito wa watetezi wa dunia nzima husema jambo hilo hilo, nao kwa Kiswahili hutolewa mara nyingi hivi: “Hakuna chochote kuhusu sisi bila sisi.” Maana ni njema, usemi ni mbovu. Ni maneno ya Kiswahili yaliyopangwa kigeni. Hayana kitenzi cha kuyabeba, na msikilizaji wa Mabamba hajui aambiwa atende nini. Kiswahili kina kukata shauri, na kina kuuliza. “Shauri letu lisikatwe pasipo sisi” ingeeleweka barazani bila ya mkalimani.

Wala si lazima kuzitupa methali za wazee ili kuipata haki. “Mgonjwa haulizwi uji” ibaki jikoni, ilikozaliwa, na iendelee kuwaamsha jamaa alfajiri wawashe moto. Bali wanaofundisha wauguzi, na wanaotafsiri sheria na fomu za hospitali, yawapasa wajue kwamba mgonjwa wao ameingia mlangoni na methali hiyo kichwani. Neno ridhaa likiandikwa katika fomu halitamwamsha. Afadhali aambiwe waziwazi kwamba hapa mgonjwa huulizwa, na kwamba akikataa hatahesabiwa kuwa amekosa adabu.