Meka, kilima na nyundo: uhakiki wa desturi ya soko katika Lubumbashi

Katika vitabu vidogo kama hiki tunasoma mara nyingi juu ya ngoma, ndoa, majina na mazishi. Ni vizuri. Lakini kuna desturi moja ambayo tunaifanya kila siku na hatuiandiki: namna yetu ya kwenda soko. Mtu anaweza kukaa Lubumbashi miaka mitano bila kuona kinyago kikicheza. Hawezi kukaa siku tano bila mtu wa nyumbani kwake kushika kitunga na kwenda soko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunapenda kuongea juu ya soko. Hatutalisifu tu. Tunataka kuchagua: ni nini ndani yake ni desturi ya kweli, na ni nini ni wizi uliovaa nguo ya desturi.

1. Kuingia

Tuchukue soko la Kenya, katika komini ya Kenya, asubuhi ya jumamosi. Mlangoni ni mamama wa mboga: sombe, matembele, lengalenga, zote kwa fungu. Wakati wa mvua wanaongeza bowa, yaani uyoga wa pori, na katika majira yake vinkubala, wale wadudu wa miti ambao mgeni anawaogopa na mwenyeji anawahesabia kopo. Mbele kidogo ni samaki wa kukauka, kutoka Kasenga kwenye mto Luapula ao kutoka Bukama kwenye Lualaba. Halafu unga wa mahindi, ambao sehemu kubwa inapita Kasumbalesa kutoka Zambia. Nyuma ni makala, na nguo za watu wote ni nyeusi.

Anayetembea hivi saa moja amekwisha kujifunza jiografia ya Katanga bila kitabu. Wataalamu waliliona jambo hilo. Mwaka 2004 Pierre Petit alitoa kitabu juu ya chakula cha Lubumbashi, na jina alilokipa ni neno la mtaani kwetu: Byakula. Mtaalamu wa mbali alikuja kuuliza tunakula nini na namna gani. Sisi wenyewe tunaona haya kuandika juu ya bukari.

2. Kuuza na kuuzisha

Tunaposahihisha maandiko ya vijana wanaotaka kuandika katika kitabu kama hiki, kalamu nyekundu inakata kila mara neno moja. Kijana anaandika: "Mama alienda kuuza unga." Anataka kusema kwamba mama alienda kununua. Kwetu Lubumbashi kuuza ni kununua, na yule mwenye meza anauzisha. Tunakata, tunaandika "kununua" juu yake, na tunaendelea.

Siku moja tulijiuliza kama tunakata haraka mno. Katika Kiswahili bora kuna maneno mawili, kununua na kuuza, kama watu wawili wanaotazamana. Katika Kiswahili cha soko letu kuna shina moja tu: mmoja anauza, na mwingine anamfanya auze. Hatusemi kwamba wazee walikaa wakafikiri hivyo. Lugha haifanyi mkutano. Lakini soko linafanya kama neno lake linavyosema. Mwenye meza ndiye anayeanza: "Mama, kuya! Baba, uza basi!" Na mnunuzi mwenye adabu haulizi bei kwanza. Anasalimia: "Jambo, mama. Mulilamuka?" Anayeuliza "ngapi?" bila salamu atapewa bei ya mgeni, na hatajua kwa nini.

Kijana anapaswa kujua kununua, kwa sababu atasoma maandishi ya Dar es Salaam na Nairobi. Lakini tusimwambie kwamba neno la mama yake ni kosa. Ni Kiswahili cha mahali pengine, basi.

3. Meka na kilima

Kwa msomaji asiyekaa Katanga: meka ni kopo kubwa la bati ambalo tunapimia unga, mahindi na maharagi. Chini yake kuna nusu meka, kopo na glasi. Watu wa pwani wanasema haba na haba hujaza kibaba. Sisi hatuna kibaba, lakini methali hiyo tunaielewa mara moja, kwa sababu tuna meka.

Meka inajazwa mpaka mdomo. Hapo kipimo kimekwisha, lakini kazi haijakwisha. Mnunuzi anasema: "Ongeza, mama." Mkono unarudi katika gunia, unamwaga juu mpaka unga unaanza kuanguka pembeni. Hiyo ndiyo kilima. Kilima haiko katika bei, na hakuna tribinali utakayoishitakia. Lakini mama anayeikataa leo, kesho utapita mbele ya meza yake ukitazama upande mwingine.

Ili tuelewe nguvu ya kipimo hiki, tukumbuke miaka ya 1990. Mnamo Oktoba 1993 zaire ya zamani iliondolewa, na zaire mpya moja ilichukua nafasi ya milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100.000. Sisi tulikuwa watoto. Tulitumwa soko na noti nyingi katika mfuko, na tulipofika bei ilikuwa imepanda kuliko ya jana. Mama wa unga alitutazama, akajaza meka, akaweka na kilima, akasema: "Mwambie mama yako amebakia na deni ya nusu." Hakuandika popote. Feza ilikuwa imekufa mara mbili. Meka ilibaki meka, na neno la mama huyo lilibaki neno.

Tena wazee wetu wanaita jumamosi siku ya posho. Posho ni chakula ambacho wafanyakazi walipewa na kampuni, tangu wakati wa Union Minière mpaka wakati wa Gécamines. Posho ilipokwisha, unga ulipaswa kutoka soko, meka kwa meka. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi zilibaki zikiishi kwa meza ya mama. Kwa hiyo tunapoongea juu ya meka, hatuongei juu ya bati tu. Tunaongea juu ya kitu kilichoshika mji usianguke.

4. Nyundo

Sasa tuje kwenye uchungu. Tuliwatuma wanafunzi walete meka tatu za kuazima kutoka masoko tofauti. Tulizijaza maji mbele ya darasa. Kwa macho zilikuwa ndugu. Kwa maji, moja ilikuwa pungufu kwa glasi nzima. Mwanafunzi mmoja aliigeuza: chini yake ilipigwa nyundo, bati likapanda ndani.

Tulienda kumwuliza mama mmoja tunayemzoea, ambaye meka yake ilikuwa nzima. Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Baba mwalimu, mutu anapiga meka juu ya meza analipia kila siku, na pousse-pousse analipia, na gunia imepanda. Anaogopa kupandisha bei, batu watakimbia. Sasa anapiga meka." Tulimwuliza yeye anafanya namna gani. Akajibu: "Mimi siuzishaka na meka tu. Nauzishaka na mukono."

Tunaelewa sababu, lakini hatukubali. Kuna wenzetu wanaosema: "Acheni, ndiyo desturi ya soko." Hapana. Desturi inafanywa mbele ya macho ya wote. Kilima inamwagwa hapo, mnunuzi anaona, jirani anaona. Nyundo inapigwa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Jambo ambalo mtu hawezi kulifanya mbele ya mwenzake lisiingie katika kitabu cha desturi.

Tena tutazame ni nani anayelipa. Mwenye gari anachukua gunia zima. Yeye na meka hawakutani. Anayechukua nusu meka jioni, kwa feza aliyoipata mchana, anakutana nayo kila siku. Tayari analipa zaidi kuliko mwenye gunia kwa unga uleule, kwa sababu kidogo kidogo ni ghali. Nyundo inamlipisha mara ya pili. Kilima ilikuwa njia ya zamani ya kumrudishia kidogo.

Wengine wanasema dawa ni mizani kila mahali. Kwa nyama na samaki tunakubali. Lakini mizani ni ghali, nayo inaweza kuharibiwa kama meka. Na mizani haina kilima: ikisimama, mazungumzo yamekwisha.

5. Tufanye nini?

Sisi tunaona mambo mawili ambayo hayaombi feza nyingi. La kwanza: katika kila soko, mamama wa unga wenyewe, ambao wanajua tayari kupangana katika likelemba, wachague meka moja nzima na kuiweka mlangoni. Anayeshuku atapima pale, bila matusi. La pili: sisi walimu tuingize meka katika darasa. Hesabu ya ujazo inafundishwa na maji na makopo matatu kuliko na mchoro wa ubao.

Mwishoni mwa juma lile tulirudisha zile meka tatu. Mwenye ile ya nyundo aliipokea bila kututazama. Hatukumwambia neno, na mpaka leo hatujui kama tulifanya vizuri. Lakini wanafunzi wetu, tunawaona soko: kabla ya kutoa feza, wanasalimia, halafu wanageuza meka na kutazama chini yake. Mamama wengine wanakasirika. Wale wenye meka nzima wanawageuzia wenyewe.