Michael West na Hesabu ya Maneno

Miongoni mwa waliotunga vitabu vya kuwafundishia wageni Kiingereza, ni wachache ambao kazi yao imetajwa sana na kusomwa kidogo kama Michael West. Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1888 akafariki mwaka 1973, na sehemu kubwa ya fikira zake aliipata Bengali, alikokuwa mkuu wa chuo cha walimu katika mji wa Dacca, ambao leo ni Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Wanafunzi wa vyuo vikuu humjua kwa orodha yake ya maneno ya mwaka 1953, basi. Kumjua hivyo ni kumjua fundi kwa msumeno wake bila kuuliza alikuwa akijenga nyumba ya nani.

Nyumba yenyewe imeelezwa katika taarifa yake ya mwaka 1926 juu ya hali ya lugha mbili katika Bengali. West aliona kwamba watoto wengi waliingia darasa la Kiingereza wakatoka kabla ya kufika mwisho, na kwamba mafunzo yote yalipangwa kwa ajili ya wale wachache waliofika. Akatumia mfano wa bima. Mtu aliyekata bima ya maisha, kisha akashindwa kuendelea kuilipia, aghalabu hurudishiwa sehemu fulani ya haki yake. Je, mtoto anayeacha shule baada ya miaka miwili au mitatu ya Kiingereza hurudishiwa nini? Jibu la West lilikuwa chungu: karibu hapati kitu, kwa sababu alichojifunza ni mwanzo tu wa jambo ambalo faida yake iliwekwa mwishoni. Kwa hiyo akashauri kusoma kutangulie kusema. Mtoto wa Kibengali alikuwa na lugha yake ya kuzungumza nyumbani na sokoni. Alichokikosa ni mlango wa kuingilia katika vitabu.

Vitabu vya kusomea alivyovitunga kwa shauri hilo vilikuwa na ufundi ulio wazi. Maneno ya kizamani au ya kishairi aliyaondoa akaweka ya kawaida: mahali pa «isle» akaandika «island», na mahali pa «nought» akaandika «nothing». Maneno mapya aliyatawanya ili yasimjie msomaji kwa kundi, na kila moja likarudiwa mpaka likazoeleka. Kamusi aliyoitoa mwaka 1935 pamoja na J. G. Endicott ilieleza maana ya maneno na semi 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Atakayebeza kazi hiyo na ajaribu kuifanya kwa Kiswahili, aeleze «wivu» au «uyabisi» bila kumpa msomaji neno gumu kuliko lile aliloliendea kamusini.

Hata hivyo vitabu hivi vina upungufu. Usomaji wake ni wa kimya, na mtoto aliyeshikamana nao angeweza kuufahamu ukurasa mzima asiweze kumjibu mgeni mlangoni. Wakati ule ule Harold Palmer, huko Tokyo, alikuwa akishikilia kwamba sikio na ulimi ndio msingi, na madai yake hayakuwa mepesi. Tena, hadithi iliyopunguzwa maneno hupungua na mambo mengine. Mwandishi aliyechagua neno adimu hakulichagua bure, na likiondolewa hubaki kisa kikavu, kama samaki aliyeparwa magamba akaparwa na nyama.

Katika mwaka 1934 na 1935 West alikutana na wataalamu wengine, kwanza New York kisha London, kutafuta maneno ya lazima kwa mwanafunzi, nao wakatoa taarifa mwaka 1936. Tunda lake lililokomaa ndilo orodha ya mwaka 1953, yenye maneno yapatayo 2,000. Hesabu iliyotegemewa ilitokana na maandishi ya maneno milioni tano, nayo ilifanywa kwa macho ya watu. Lakini West hakuiachia hesabu neno la mwisho. Alipima pia urahisi wa kujifunza, ulazima wa wazo lenyewe, na kama neno jingine lililokwisha kuingia halitoshi. Tena aligawa kila neno kwa maana zake, akaonyesha kila maana hutumika kwa kiasi gani.

Orodha hiyo imechakaa, hapana budi kukiri. Neno «computer» halimo. Mwaka 2013 ilitoka orodha mpya iliyokusudiwa kushika mahali pake, yenye maneno kama 2,800, iliyochujwa kwa kompyuta kutoka maandishi ya maneno milioni 273. Kwa wingi wa ushahidi, haina mfano wa kulinganishwa na ya West. Lakini huhesabu neno kwa umbo lake, haligawi kwa maana. Mtu na afikiri orodha ya Kiswahili ambayo ndani yake «kaa» limehesabiwa mara moja tu: kaa wa pwani na kaa la moto katika kapu moja. Mwalimu akiishika orodha ya namna hiyo, atajua neno la kufundisha asijue alifundishe kwa maana gani. Mashine iliongeza maandishi zaidi ya mara hamsini, ikaiacha kazi iliyohitaji akili ya msomaji.

Tena, hesabu hiyo haina mtoto wa Bengali ndani yake. Katika Tanzania, kijana wa kidato cha kwanza hukutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza baada ya kuyasoma masomo ya msingi kwa Kiswahili, na wengi huishia kidato cha nne au kabla yake. Hitaji lake la kwanza ni lile lile la Dacca: kuusoma ukurasa ulio mbele yake na kupata kitu. Maneno yanayomzuia yamo katika vitabu vya kiada anavyovibeba, wala si lazima yawe yale yanayorudiwa sana katika magazeti ya Uingereza. Vitabu hivyo si vingi. Kompyuta moja ya chuo ingeyahesabu maneno yake kwa siku chache. Kisha walimu wenyewe wa masomo hayo wangekaa na kalamu, neno kwa neno, kuzitenga maana.