Gundi ya Ndege Hupimwa kwa Kuvunjwa

Anayejiundia ndege ya faibaglasi nyumbani huvutwa kwanza na namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye kopo la gundi. Mimi namba hiyo huisoma mwisho. Chukua mabaki mawili ya faibaglasi, yagundishe kwa namna ileile utakayotumia kwenye bawa, kisha yavunje. Gundi ikibanduka safi na kuacha uso unaong'aa, haikushika, hata kama ulitoka jasho kuivunja. Nyuzi za kioo zikichanika na kubaki zimeng'ang'ania upande wa pili, hapo pana kiungo.

Katika kazi hii epoksi ndiyo mwenye nyumba. VariEze ya Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza huko Mojave, California, mwaka 1975, ilijengwa kwa kufunika povu kwa kitambaa cha kioo na epoksi. Gundi ya poliesta ingeliyeyusha povu la polistaireni la mabawa yake, tena hunywea zaidi inapoganda. Jambo moja huwapita wengi: epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyokwisha kuganda, lakini poliesta juu ya epoksi haina uhakika. Kwa hiyo kifuniko cha injini cha poliesta nacho kiunganishe kwa epoksi. Epoksi inayoganda kwa dakika tano ni ya kushikiza kipande wakati unaendelea na kazi, basi. Joto na unyevu huishinda.

Kinachochanganywa ndani ya epoksi nacho kina daraja. Nyuzi fupi za pamba huipa epoksi mwili wa kubeba mzigo. Vipovu vidogo vya kioo ni vya kujazia na kulainisha sura. Msasa utakueleza: mchanganyiko ule unaosagika kwa raha usiuweke kwenye kiungo cha kutegemewa.

Uso wa kugundishwa uoshe kwa maji kwanza, kwa sababu epoksi nyingi hutoa utando kama nta, na ukianza na msasa utausambaza tu. Kisha kwaruza mpaka mng'ao uishe. Maji safi yakitandaa bila kujikunja kuwa matone, uko tayari, kausha vizuri. Usibane kwa hasira, maana gundi yote itakimbilia nje. Baadhi ya gundi nzito huwekewa shanga ndogo za kioo ili nafasi ibaki.

Mchoro wa ndege ukitaja gundi fulani, tumia hiyo. Ukiachiwa uchague, uliza kiwango cha joto kinachoilegeza kabla ya kuuliza nguvu yake. Bawa lenye rangi ya giza juani hupata moto kiasi cha kulainisha epoksi iliyoganda kwa joto la chumba, ndiyo maana ndege hizi nyingi ni nyeupe.

Dawa ya kugandishia ipime kwa mizani. Kuizidisha hakuharakishi, huharibu. Andika tarehe na jina la kiungo kwenye kila kikombe, na mabaki yaliyomo uyatunze. Muda wa kuganda ulioandikwa kwenye kopo ukipita na ukucha bado unazama kwenye mabaki hayo, kiungo kilichotoka kikombe hicho kikatwe kabla ya rangi.