Sindano Mbili za Yamane

Mtu akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, lenzi iliyofifia huondolewa na ya bandia huwekwa ndani ya kifuko kilekile kilichobeba ile ya asili. Kifuko kikiwa kizima, lenzi hutulia humo. Taabu huanza kikiwa kimechanika, au vinyuzi vinavyokishikilia vimekatika kwa ajali au kwa maradhi kama ya Marfan. Hapo lenzi haina pa kukaa.

Kwa miaka mingi madaktari waliishona kwenye ukuta mweupe wa jicho kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Wengi waliona tena kwa njia hiyo, ila uzi huchakaa, na ukikatika lenzi huporomoka. Daktari Amar Agarwal wa Chennai, India, alitumia gundi ya fibrini badala ya uzi. Kisha mwaka 2017 Shin Yamane, daktari wa macho wa Yokohama, Japani, akachapisha njia isiyohitaji uzi wala gundi.

Lenzi anayoitumia ina mikono miwili myembamba iliyopinda. Daktari hupenyeza sindano kwenye ukuta mweupe, milimita 2 hivi kutoka ukingo wa konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho. Unene wa sindano hiyo ni kama milimita 0.3 tu. Kwa koleo dogo mno, huuongoza mkono wa kwanza wa lenzi uingie ndani ya tundu la sindano. Sindano hiyo haivutwi bado. Inaachwa palepale, na ya pili inaingizwa upande wa pili.

Mkono wa pili ndio mtihani. Lenzi imekwisha kushikwa upande mmoja, jicho limejaa maji, na tundu la kulengwa ni pana kidogo tu kuliko kitu kinachotakiwa kuingia. Kuharakisha kunaweza kuukunja mkono wa lenzi. Ukiingia, sindano zote mbili huvutwa pamoja, na ncha za mikono hutokeza nje.

Sasa huja hatua ninayoipenda kuliko zote. Daktari husogeza kifaa cha moto karibu na ncha. Plastiki inanywea, inavimba, inakuwa kama kichwa cha pini. Kichwa hicho husukumwa ndani kidogo ya ukuta wa jicho, nacho hakirudi kilikotoka. Lenzi imejifunga kwa mwili wake yenyewe.

Wepesi huo unadai vipimo vikali. Matundu yasipotazamana sawasawa, au sindano zikiingia kwa mlalo tofauti, lenzi hukaa upande na mgonjwa huona ukungu. Kichwa kikiachwa juu mno, kinaweza kutoboa utando wa nje na kufungulia njia vijidudu. Ndiyo maana daktari makini hupima na kuweka alama za wino kabla sindano haijagusa jicho. Kwangu mimi, nusu ya ustadi iko hapo.

Kama wewe au mzazi wako mliambiwa kuwa kifuko kimeharibika na lenzi haikuwekwa, msikate tamaa. Mwulizeni daktari bingwa wa macho kama jicho hilo linafaa kwa njia hii.