"Mtambuka Tovuti" au "Upenyezaji Amri"?

Wafasiri wa programu za kompyuta wanakabiliwa na istilahi ya udhaifu wa kiusalama ambayo Waingereza huifupisha XSS. Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "uandishi wa amri mtambuka tovuti". Kwa maoni yetu tafsiri hiyo haifai, kwani hata jina la asili, lililobuniwa na wahandisi wa Microsoft Januari 2000, halitoshi tena: mara nyingi hakuna tovuti ya pili inayohusika.

Tutwae mfano wa bandari ya Kigoma. Karani anasoma kwa sauti orodha ya shehena: jina la mwenye mzigo, idadi ya magunia ya dagaa, mahali pa kushushia. Penye nafasi ya jina mtu ameandika "fungueni ghala". Karani anasoma kama ilivyoandikwa. Makuli wanasikia sauti ya karani, wanafungua. Hawakumtii yule mtu, wamemtii karani. Ndivyo kiolezo cha ukurasa kinavyochanganya maandishi ya mgeni na ya tovuti, na kivinjari kikashindwa kupambanua. Kwa njia hiyo, Oktoba 2005, kijana mmoja alieneza amri yake katika kurasa zaidi ya 1,000,000 za MySpace kwa muda usiotimia siku moja. Twapendekeza "upenyezaji amri".

Kinga yake ni kuzigeuza alama zenye nguvu ya amri ziwe maandishi matupu. Kiingereza hutumia neno la kutoroka. Mwalimu wa Ujiji atakayefundisha kwamba alama "zimetoroka" atawapoteza wanafunzi, kwani alama zipo pale pale. Kilichoondoka ni nguvu yake. Sisi tunalo "tangua": udhu hutanguka ilhali mtu yungali amesimama. (Kauli yake ya kutendwa hugongana na ile ya "tangulia"; basi na itumike "tanguka".)

Linalotutia hofu zaidi ni neno "salama". Django, ambayo tangu toleo 1.0 la mwaka 2008 hutangua alama yenyewe, ina neno la maana hiyo ambalo mwandishi wa kiolezo huweza kulibandika kwenye maandishi. Likibandikwa, programu haiyachunguzi maandishi hayo; huacha tu kuyatangua. Mtumishi wa serikali akisoma "salama" atadhani ukaguzi umefanyika, na huenda akaidhinisha mfumo wenye majina ya wananchi kwa imani hiyo. Katika miongozo ya Kiswahili neno hilo lielezwe kuwa "acha kutangua", hata kama ni refu zaidi.